Kutoka Ukuta wa Mathari Hadi Chumba cha Kaunsela

Leo hatuzungumzii chanjo wala uji wa lishe. Tunazungumza juu ya mlango mmoja ambao akina mama wengi wa Kangemi, Kawangware na Uthiru hufika mbele yake kisha wakageuka na kurudi nyumbani. Huo ni mlango wa kaunsela.

Labda daktari alikuandikia karatasi akakuambia uende ukaongee na mtu. Labda ni dada yako aliyeona kwamba tangu ujifungue hulali, hata mtoto anapolala. Ukapanda matatu hadi Westlands, Kilimani au katikati ya jiji, ukalipata jengo, ukasoma kibao, na moyo ukaanza kwenda mbio. Ukajiuliza: "Kwani mimi ni mwendawazimu? Nikionekana hapa si watasema nimekuwa wa Mathare?"

Mama, hofu hiyo hukuizua wewe. Ina umri wa zaidi ya miaka 100, na ina mahali ilikotoka. Ukijua ilikotoka, na ukijua mambo yaliyobadilika tangu wakati huo, utaingia katika chumba kile ukijua la kutarajia na la kudai. Basi tuifuate hatua kwa hatua.

UKUTA ULIOLETA HOFU

Zamani mama aliyelemewa alikuwa na watu wake. Huku bara alikuwa na nyanya, mashangazi na wanawake wa rika lake. Kule pwani msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa aliyemfunza mambo ya unyumba na kumsikiliza. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na wengi waliokuja kutafuta kazi hapa waliwaacha watu hao mbali.

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua mahali pa kuwaweka wagonjwa wa akili wa Nairobi. Majengo yenyewe yalikuwa yametumiwa kabla ya hapo kuwatenga wagonjwa wa ndui. Liangalie vizuri jambo hilo. Tangu mwanzo, mgonjwa wa akili aliwekwa palepale alipowekwa mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, ili awe mbali na wengine. Mwaka 1924 mahali hapo pakaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Wagonjwa waligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao na Waafrika kwao.

Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 hospitali hiyo iliongozwa na daktari wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Waafrika ni nadra kupata ugonjwa wa huzuni, na akaulinganisha ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ilichapisha ripoti yake nyingine kuhusu Mau Mau. Vita hivyo alivieleza zaidi kama tatizo la akili za watu waliopoteza mila zao, kuliko dai la ardhi na uhuru.

Sasa fikiria. Ikiwa wakubwa wanasema watu wako hawapatwi na huzuni, nani atakujengea chumba cha kuizungumzia? Ndiyo sababu kwa miaka mingi Mwafrika wa Nairobi aliyesumbuka moyoni alikuwa na njia mbili tu: anyamaze, au azidiwe hadi apelekwe Mathari. Hapo ndipo tulipopata matusi ya kuitana wa Mathare, na ile kauli kwamba huzuni ni ugonjwa wa Wazungu. Kauli hiyo hatukuirithi kwa nyanya zetu.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: kaunsela hana mamlaka ya kukufungia mahali. Unakwenda kwa hiari yako, na unaweza kuondoka kwa hiari yako. Tena hospitali ya Mathari yenyewe, iliyo kando ya barabara ya Thika, sasa ni hospitali ya kitaifa ya mafunzo na rufaa. Wapo wanaokwenda kliniki pale asubuhi, wakachukua dawa na kurudi nyumbani kupika chakula cha mchana. Hakuna aibu katika hilo.

MWILI UNAPOSEMA KWA NIABA YA MOYO

Mwaka 1979 madaktari wawili, Ndetei na Muhangi, walichapisha utafiti walioufanya katika kliniki ya kawaida mashambani, yapata kilomita 100 kutoka Nairobi. Waliwachunguza watu waliokuja kutibiwa kama unavyokuja wewe kliniki. Wakaona kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 alikuwa na maradhi ya akili, hasa huzuni na wasiwasi mwingi. Wengi hawakusema, "Nina huzuni." Walilalamika kuhusu maumivu ya mwili. Yale aliyoyaandika Carothers yakaonekana hayana msingi. Ugonjwa wa huzuni ulikuwapo siku zote, ila haukuwa umeulizwa.

Basi usishangae kaunsela akikuuliza kuhusu mwili wako. Atataka kujua unalala saa ngapi, unakula vipi, kichwa na mgongo vinakuuma tangu lini, na ulijifungua lini. Hayo si maswali ya kupoteza wakati. Mara nyingi mwili ndio wa kwanza kusema.

Mwaka huohuo wa 1979 kituo cha ushauri nasaha cha Amani kilianzishwa hapa Nairobi. Kikawa miongoni mwa vituo vya kwanza ambako mtu angeweza kwenda kuongea na kaunsela aliyefunzwa bila kulazwa na bila kuitwa mgonjwa. Lakini waliokijua walikuwa wachache. Jiji zima lilikuja kujifunza neno kaunsela kwa njia chungu.

IJUMAA YA TAREHE 7 AGOSTI 1998

Siku hiyo, asubuhi ya saa nne na nusu hivi, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Jumba la Ufundi liliporomoka na lile la Co-operative likaharibika vibaya. Watu 213 walikufa hapa Nairobi na maelfu wakaumia. Wengi waliumia macho kwa sababu walisikia mlio wa kwanza, wakakimbilia madirishani kuangalia, na vioo vikawarukia.

Hospitali zilishona vidonda. Lakini wiki chache baadaye kukaonekana vidonda ambavyo haviwezi kushonwa. Mtu alikuwa akisikia mlango ukibamizwa anaingia chini ya meza. Mwingine hakuweza tena kupanda ghorofa. Madaktari wa Kenya wakaanzisha mpango ulioitwa Operation Recovery wa kuwapa watu ushauri nasaha. Daktari wa akili Frank Njenga na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2004. Kati ya watu 2,883 walioulizwa, zaidi ya thuluthi moja walikuwa na dalili za mshtuko wa akili unaobaki baada ya janga.

Wataalamu hao pia walitazama ni akina nani waliosumbuka zaidi. Walikuwa wanawake, wasio na mume au mke, wenye masomo kidogo, waliofiwa, waliojeruhiwa na waliokwama kifedha. Pia walikuwa wale ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yeyote yaliyo moyoni.

Isome tena orodha hiyo, mama. Mengi yaliyomo hayako mikononi mwako. Huwezi kumfufua aliyekufa, wala kupata pesa kwa kutaka tu. Lakini kumwambia mtu kunawezekana, na hiyo ndiyo kazi ya chumba cha kaunsela. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe uliyejifungua unajua maana yake kuliko mtu yeyote.

Miaka 15 baadaye msiba ulirudi, safari hii upande wetu wa magharibi. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walishambulia jumba la Westgate, Westlands, na watu 67 wakauawa. Lakini mara hii jiji lilikuwa limejifunza. Katika kituo cha Oshwal, karibu na hapo, makaunsela waliketi na jamaa waliokuwa wakingoja habari za watu wao. Hakuna aliyesema kwamba waliokaa nao wamekuwa wendawazimu.

CHUMBA CHENYE MLANGO ULIOFUNGWA

Kati ya misiba hiyo miwili kulitokea jambo jingine lililotufundisha. Kuanzia mwaka 2001 vituo vya VCT vilienea nchini, watu wakaenda kupimwa virusi vya UKIMWI kwa hiari. Wakenya wengi walikaa kwa mara ya kwanza na kaunsela ndani ya chumba kidogo, wakaelezwa mambo kabla ya kupimwa na baada yake, na wakaahidiwa siri. Bibi aliweza kujua hali yake bila mama mkwe kujua.

Siri hiyohiyo ndiyo utakayoikuta kwa kaunsela wa faragha. Mume wako akipiga simu kuuliza ulichosema, haambiwi. Mwajiri wako vilevile, na hata mchungaji wako. Lakini siri ina mipaka, na kaunsela mwema hukueleza mipaka hiyo mapema. Anaweza kuivunja ikiwa uhai wako uko hatarini, ikiwa unataka kumdhuru mtu, ikiwa mtoto anaumizwa, au ikiwa mahakama imeamuru. Asipokueleza, muulize wewe: "Nikisema jambo hapa, ni wakati gani utamwambia mtu mwingine?"

YALE AMBAYO SHERIA INASEMA

Sheria ya afya ya akili ilitungwa mwaka 1989, na mwaka 2022 ikafanyiwa marekebisho yaliyoongeza haki za mgonjwa na kutilia mkazo ridhaa yake. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2014, Bunge lilipitisha sheria ya makaunsela na wanasaikolojia, iliyoanzisha bodi ya kuwasajili. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza kaunsela amesomea wapi na kama amesajiliwa. Mwenye cheti hakasiriki akiulizwa.

Liko jambo jingine linalowatisha akina mama. Kwa miaka mingi sheria yetu ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na wengine wakaogopa hata kusema wamechoka na maisha. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Tena, kuwa na wazo hilo tu halijawahi kuwa kosa. Likisema, mama. Kaunsela amefunzwa kulisikia bila kuruka.

SIKU YAKO YA KWANZA

Sasa tuingie ndani. Ukipiga simu kuomba siku, uliza bei kabla hujatoka nyumbani, kwa maana bei hutofautiana sana kutoka chumba kimoja hadi kingine. Uliza pia kama wanapunguza kulingana na mapato, kama wanapokea bima yako, na kama ukikosa kufika bila kuwajulisha utalipishwa. Uliza ikiwa unaweza kuja na mtoto anayenyonya.

Ukifika utapewa fomu. Utaandika jina, umri, nambari ya simu, mtu wa kuitwa kukiwa na dharura, na kilichokuleta. Huhitaji kuandika habari ndefu. "Silali" inatosha kwa kuanzia. Ukipewa karatasi ya kutia sahihi, isome, na usiyoyaelewa uelezwe. Ukitaka kuongea Kiswahili au lugha ya kwenu, sema mapema.

Ndani utakuta viti viwili na labda kitambaa cha karatasi mezani. Mazungumzo huchukua dakika 50 hivi au saa moja. Siku ya kwanza kaunsela huuliza mengi: nyumbani mko wangapi, umepoteza nani, umewahi kuugua nini, unakunywa dawa gani, kuna anayekupiga. Usilolitaka kulijibu, sema bado. Ukilia, hutaambiwa nyamaza.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kaunsela haambii mtu, "Mwache huyo bwana," au, "Rudi kwake." Mwaka 1942 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alichapisha kitabu kilichopinga mtindo wa mtaalamu kumpa mtu amri. Alifundisha kwamba mtu akisikilizwa kwa heshima na ukweli hupata nguvu ya kujiamulia. Mafundisho hayo yameingia katika masomo ya makaunsela wengi wa hapa. Hapo ndipo kaunsela anapotofautiana na shangazi. Shangazi atakupa shauri, na shauri lake lina faida yake, lakini ana upande wake katika familia. Kaunsela hana upande.

Unaweza kutoka ukiwa mzito kuliko ulivyoingia. Ni kama kidonda kilichofunguliwa kisafishwe. Usipange kwenda sokoni au kwenye kikao cha chama moja kwa moja. Jipe nusu saa. Wengi huonana na kaunsela mara moja kwa wiki, na baada ya vikao vichache mnaketi na kupima pamoja: usingizi umerudi? Hasira kwa watoto imepungua? Pasipo mabadiliko, sema. Una haki ya kubadilisha kaunsela, kama unavyobadilisha fundi wa nguo. Akiona unahitaji dawa, atakutuma kwa daktari, kwa sababu kaunsela haandiki dawa. Nawe kama unanyonyesha, mwambie daktari huyo. Usiache dawa kwa kuambiwa na jirani.

Tangu janga la Covid la mwaka 2020, makaunsela wengi pia huongea na watu kwa simu au video. Ni nafuu ya nauli, lakini katika nyumba ya chumba kimoja siri ni ngumu kupatikana. Tafuta mahali ambapo watoto na majirani hawasikii.

Usimchanganye kaunsela na kocha wa maisha. Kocha humsaidia mtu mwenye lengo, kama vile kukuza biashara au kubadilisha kazi. Si lazima awe amesomea maradhi ya akili. Ukiwa hulali, huli, au huna haja na mtoto wako, anza kwa kaunsela au kliniki.

USIYOPASWA KUYAKUBALI

Ondoka na usirudi ikiwa mtu anayejiita kaunsela anakushika mwili, anakutongoza, anakukopa pesa, anakuuzia bidhaa, anakuambia uache dawa za hospitali, au anakusimulia siri za wateja wake. Anayekuletea siri za wengine, zako atazipeleka. Mweleze mtu unayemwamini, na unaweza kupeleka malalamiko kwa bodi.

UKIWA HUNA PESA

Usikae nyumbani kwa sababu huna pesa ya chumba cha faragha. Anza kwa muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu nawe, naye atakuelekeza. Hospitali kuu ya Kenyatta ina idara ya afya ya akili. Mama aliyepigwa au kubakwa hutibiwa na kupewa ushauri bila malipo katika kituo cha waathiriwa wa dhuluma cha hospitali ya Nairobi Women's, iliyofunguliwa Hurlingham mwaka 2001. Simu ya bure ya msaada kwa dhuluma hizo ni 1195, na ya watoto ni 116. Msalaba Mwekundu wa Kenya nao husikiliza watu bila malipo kwa nambari 1199.

Na hili halingoji siku ya kaunsela: ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpe mtu mtoto amshike, kisha mwende hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

KUMBUKA

1. Hofu ya mlango ule ililetwa na ukuta wa mwaka 1910. Chumba unachokwenda hakina ukuta huo.
2. Unaingia kwa hiari na kutoka kwa hiari.
3. Uliza mambo matatu kabla ya kuketi: bei, cheti na mipaka ya siri.
4. Siku ya kwanza ni ya maswali. Usikate tamaa ukitoka bila jibu.
5. Yule asiyemweleza mtu yeyote ndiye huumia zaidi.

YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

Ni majina gani tunayowaita watu wanaosumbuka akili katika mtaa wetu? Mama mwenzetu akitaka kwenda kwa kaunsela wiki hii, nani kati yetu atabaki na mtoto wake kwa saa mbili?